Kerezo Kuukuu Lisiuzwe kwa Kilo

Kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, hufundishwa tangu wiki zake za mwanzo chuoni kuifungua silaha yake hadi kipande cha mwisho, kuisafisha na kuifunga tena pasipo kusahau hata pini moja. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliokwisha kujiuliza vipande vile vya mviringo, vinavyoingiana bila kulegea na bila kukwama, vilipatikanaje. Mtutu, parafujo, mhimili wa gurudumu la lori, vali ya pampu ya maji kambini: vyote hivyo, au mashine zilizovitengeneza, vimepita katika chombo ambacho Kiswahili kilikuwa na jina lake kabla ya garimoshi la kwanza kushushwa Mombasa. Chombo hicho ni kerezo.

Wakerezaji wa pwani walikizungusha kipande cha mti na kukigusisha ncha ya patasi, na kazi yao ingali inaonekana katika miguu ya vitanda vya kale vya Lamu. Kerezo la chuma hufanya vivyo hivyo, ila patasi yake haishikwi kwa mkono, bali hukazwa katika kishikio kinachosogezwa kwa skrubu, unene wa unywele kwa unywele. Mafundi wa Mbale na Jinja husema "leithi", nasi hatuna ugomvi nao. Lakini hapa tutashika neno la wazee.

Hatukusudii kuyazungumzia makerezo makubwa ya karakana za reli, yenye vitanda virefu kuliko Land Rover. Twataka kuyatetea madogo, yale yanayokaa juu ya meza, yaliyoundwa Uingereza miaka 50, 60 au 80 iliyopita kwa ajili ya watu waliotaka kujiburudisha jioni kwa kuunda garimoshi dogo la mvuke, au saa ya ukutani, au injini ya kuchezea. Na ambayo baada ya safari ndefu yamejikuta katika mahali kama Malukhu, eneo la viwanda la mji wa Mbale, yakifanya kazi ya watu wazima. Tunasema kuyatetea kwa sababu yanatoweka. Hayatoweki kwa uzee, maana chuma kilichotunzwa hakijui uzee. Yanapimwa kwa mizani, yanauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na mwisho wake ni katika tanuri.

Askari ana haki ya kudai fungu lake katika historia ya chombo hiki. Henry Maudslay, aliyezaliwa Woolwich, Uingereza, mwaka 1771, alikuwa mtoto wa fundi magurudumu wa jeshi aliyejeruhiwa vitani, na yeye mwenyewe aliingia katika ghala kuu la silaha la Woolwich akiwa na umri wa miaka 12, kazi yake kujaza baruti. Kabla ya siku zake, nati ilikuwa mke wa boliti moja tu. Ukiipoteza, hukuwa na nyingine ya kuingia mahali pake. Yapata mwaka 1800 Maudslay alikamilisha kerezo lenye vitu vitatu kwa pamoja: kishikio cha kisu kinachoteleza, skrubu ndefu ya kukisogeza, na magurudumu ya meno ya kuamua kasi ya kusogea huko. Tangu hapo hesi moja ikaweza kukatwa sawa na nyingine, mara mia, mara elfu. Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi kwa Maudslay, ndiye aliyependekeza mwaka 1841 kipimo kimoja cha hesi kwa nchi nzima, na jina lake lingali linatajwa kila siku na mafundi wetu wanapotafuta spana ya kuingia katika mashine ya kizamani.

Makerezo ya mezani yalikuja baadaye. Mwaka 1898 lilianzishwa London jarida la Model Engineer kwa ajili ya waundaji wa mifano midogo, na viwanda vikaona kwamba kuna karani, mwalimu na daktari walio tayari kununua mashine ya chuma kwa raha ya nafsi tu. Drummond wa Guildford walitengeneza makerezo madogo ambayo mengine yaliendeshwa kwa mguu, mfano wa cherehani. Kampuni ya Myford, iliyoanzishwa mwaka 1934 huko Beeston karibu na Nottingham, ndiyo iliyokuja kupata sifa kuliko zote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kuunda kerezo dogo la Drummond ilihamishiwa kwao, na mwaka 1946 wakatoa lao waliloliita ML7, kisha katika miaka ya 1950 ndugu yake bora zaidi, Super 7. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2011. Kule Marekani walikuwapo South Bend wa Indiana, na Halifax, Uingereza, walikuwapo Boxford, ambao mashine zao zilijaa katika shule za ufundi.

Vita yenyewe iliyafanya makerezo yawe sehemu ya jeshi liendalo. Kikosi cha mafundi wa umeme na mitambo cha jeshi la Uingereza kiliundwa Oktoba 1942, na huku kwetu kulikuwa na kikosi cha namna hiyo cha Afrika Mashariki. Malori ya karakana yalibeba kerezo, mashine ya kutoboa na jiwe la kunolea, yakifuata nyuma ya mapambano ili gari lililovunjika mhimili lisiachwe jangwani. Somo lake ni jepesi: jeshi linaloweza kujitengenezea kipuri kidogo papo hapo halisimami kusubiri meli.

Mashariki ya Uganda ilipata makerezo yake kwa njia kadhaa. Reli ya Busoga kutoka Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912, na meli za Kyoga zilihitaji mafundi. Reli ya kwenda Soroti kupitia Mbale ilikamilika mwaka 1929. Kiwanda cha sukari cha Kakira kilianza kusaga miwa mwaka 1930, bwawa la Owen Falls likafunguliwa mwaka 1954, na kiwanda cha nguo cha Jinja kikaanza karibu wakati huo huo. Penye mitambo mikubwa huzaliwa karakana ndogo pembeni, na nyingi kati ya hizo zilikuwa mikononi mwa mafundi wa Kihindi na Masingasinga, ambao baadhi ya babu zao walikuja na reli. Hao walipenda kerezo dogo, kwa kuwa halikuhitaji jengo kubwa wala mtaji mkubwa.

Kisha ukaja Agosti 1972, serikali ya Idi Amin ilipowapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Wenye karakana waliondoka, mashine zilibaki. Nyingine ziliharibiwa na watu waliogawiwa bila kujua matumizi yake. Lakini nyingine ziliangukia mikononi mwa vijana waliokuwa wakifagia vumbi la chuma chini yake na kutazama kwa jicho la wizi mwalimu alivyofanya. Katika miaka iliyofuata, vipuri vilipoadimika na magendo yakawa ndiyo soko, vijana hao ndio walioziweka barabarani lori na basi ambazo kwa haki zilikuwa zimekwisha kufa.

Mmoja wa vijana hao tulimkuta Malukhu, sasa ni mzee wa miaka zaidi ya 70, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kerezo lake ni ML7, rangi yake ya awali imebaki katika pembe tu. Tulipokaribia kulitazama alitunyoshea mkono kutuzuia.

"Afande, samahani," alisema. "Usiisogelee taya ikizunguka. Hii haijui cheo."

Tulisimama pale alipotuelekeza. Bwana mmoja alikuwa ameteremka kutoka milimani tangu alfajiri, amebeba katika gunia mhimili wa mashine yake ya mkono ya kumenyea kahawa. Bushi ya upande mmoja ilikuwa imelika mpaka mhimili unacheza, pipa linaegemea upande, na kahawa inatoka nusu imemenywa, nusu imepondwa. Wasomaji waliozaliwa Bugisu hawahitaji kuelezwa maana yake. Kahawa mbivu ikishachumwa haingoji. Isipomenywa siku ile ile huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha hushuka daraja, na daraja likishuka, ada ya shule imekwenda. Mashine yenyewe ni ya Uingereza, ya zamani, haina duka la vipuri Mbale wala Kampala.

Mzee alichukua kipande cha bronzi, akakifunga katika taya tatu, akakitoboa, kisha akakipanua tundu lake polepole, akipima baada ya kila mpito. Alipobakiza kidogo aliacha kutumia kipimo, akautia mhimili wenyewe tunduni na kuusikiliza kwa vidole. Kazi haikufika saa nzima. Yule bwana alilipa, akafunga gunia lake, akaondoka mbio kutafuta gari la kupanda mlima kabla ya mvua.

Tulimuuliza mzee kama amewahi kutakiwa kuliuza. Alicheka. "Wanakuja na mizani, Afande. Mizani! Jirani yangu aliwapa la kwake. Pesa aliila mwezi mmoja. Sasa kazi zake ananiletea mimi."

Hapo ndipo penye jambo. Mnunuzi wa chakavu hununua uzito, wala hana habari na usahihi. Kwake yeye kitanda cha kerezo, kilichosubiwa na kukwanguliwa hadi kikanyooka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukipima, kina thamani sawa na kifuniko cha mtaro. Polisi wanaijua biashara hiyo kwa upande wake mwingine, ule wa vyuma vya minara ya umeme na vipande vya reli vinavyopotea usiku. Twapenda kuwakumbusha kwamba mashine za namna hii hupigwa namba kitandani. ML7 namba zake zina herufi K mwanzoni, na Super 7 zina SK. Mwenye kerezo na aiandike namba hiyo katika daftari, na ofisa anayekagua yadi ya chakavu akiona kitanda kilichochongwa sawasawa chini ya rundo la mabati, na ainame asome.

Wenzetu wengine watauliza, je, kuenea kwa mashine hizi hakutazaa bunduki za mafichoni? Swali ni la haki. Lakini katika miaka ya 1970, kabla ya ghala la silaha la Moroto kuvunjwa mwaka 1979, walikuwapo Karamoja watu waliojiundia bunduki kwa mabomba, bila kerezo la namna hii. Anayetaka uovu hangoji usahihi. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inakataza kuunda silaha bila leseni, awe mtu ametumia kerezo au tupa, na kazi ya polisi ni kuwajua mafundi wa eneo lao kwa majina na kwa kazi zao. Fundi anayefanya kazi mlango wazi, karibu na barabara, ni jicho la polisi kuliko kuwa mzigo wao.

Sasa tuseme na yule askari anayekaribia kustaafu, ambaye ana ufundi kidogo wa magari au silaha, na ambaye kila mtu anamshauri anunue bodaboda. Sisi twadhani kwamba kwake yeye kerezo kuukuu lililo zima lina faida ya muda mrefu kuliko pikipiki mpya. Haliendi barabarani kugongwa. Mota yake ya kama nusu nguvu-farasi hutumia umeme wa nyumbani wa volti 240, tena pungufu kuliko pasi. Lakini asinunue kwa macho ya rangi. Rangi ni rahisi kupaka.

Na atazame kitanda kwanza. Kazi nyingi hufanyika karibu na kichwa, basi hapo ndipo kinapolika. Akaze tandiko kidogo, karibu na kichwa, mpaka lisogee kwa uzito. Kisha alisogeze taratibu kuelekea mkiani. Likizidi kukaza kadiri linavyokwenda, ajue kwamba kitanda kimelika mbele na kingali kinene nyuma. Kulika kidogo si ugonjwa wa kufa, kwani mafundi wengi wameishi nako. Kulika sana humaanisha kila mhimili mrefu utakaotoka hapo utakuwa mnene upande mmoja.

Baada ya hapo afunge nondo nene katika taya, aishike kwa mikono miwili na kuinyanyua. Mhimili mkuu ukigonga ndani, haya ndiyo matengenezo ya kwanza. Katika ML7 mhimili huo hukaa juu ya metali nyeupe laini, na katikati ya vifuniko na makalio yake kuna tabaka nyembamba za bati zinazoweza kupunguzwa moja moja mpaka mchezo uishe. Aliyezoea kurekebisha injini za zamani hatashangaa. Azungushe kila mkono wa skrubu na kuona unasafiri kiasi gani kabla kisu hakijasogea. Aangalie meno ya gia ya nyuma, maana watu huyavunja wakilazimisha kufungua taya zilizokwama.

Kisha adai sanduku la magurudumu ya meno, na ayahesabu. Kerezo lisilo na magurudumu yake ni bunduki isiyo na magazini. Skrubu ndefu ya ML7 ina hesi 8 kwa inchi. Mhimili ukibeba gurudumu la meno 20 likaendesha la meno 40, skrubu itazunguka nusu, na hesi itakayokatwa itakuwa 16 kwa inchi. Ni hesabu ya darasa la tano. Tatizo lipo katika vipimo: mashine hizi zilizaliwa katika inchi, na magari yaliyojaa barabara ya Tororo leo, yaliyotoka Japani, yamezaliwa katika milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na njia sahihi ya kuvuka mpaka huo ni gurudumu la meno 127, ambalo ni kubwa kwa kerezo dogo. Mafundi wenye akili hutumia la meno 63, na kosa lake ni kama sehemu moja katika 8,000. Kwa boliti ya Toyota hakuna mtu atakayeliona kosa hilo.

Hatuwadharau watengenezaji wa leo. Tangu mwaka 2018 Mbale ina eneo jipya la viwanda lililojengwa kwa ushirikiano na Wachina, na huko Namanve kimekuwapo tangu mwaka 2020 kituo cha kufundishia kazi za mashine za kisasa. Makerezo madogo mapya kutoka China ni mepesi, yana vipimo vya milimita, na mwendo wake hubadilishwa kwa kuzungusha kitufe. Mwenye fedha na alinunue. Wepesi wake, hata hivyo, ndio udhaifu wake: chuma chembamba hutetemeka, na kisu kinachotetemeka huacha mawimbi juu ya kazi. Wazee wa Beeston walimwaga chuma kingi kitandani, na ndicho hicho hicho ambacho mwenye mizani anakitamani.

Tumesema mashine hizi ziliundwa kwa ajili ya kuburudika, na hatuoni sababu ya kuwaachia Wazungu burudani hiyo peke yao. Watoto wa kambi zetu huunda magari ya waya yenye usukani unaokata kona, bila mwalimu yeyote. Mtoto wa namna hiyo akisimamishwa mbele ya kerezo akiwa na miaka 15, na mzee wa kumwongoza, atafika mbali. Jinja sasa ina makumbusho ya reli katika stesheni ya zamani. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi limesimama garimoshi la mvuke namba 3123, la miaka ya 1950, lenye magurudumu manane ya kuvuta, na ubavuni lina jina la watu wa visiwa vilivyo jirani na Jinja: Bavuma of Uganda. Hatujaona mfano wake mdogo ulioundwa na mikono ya Mganda. Gurudumu la mfano huo, lenye upana wa sentimita 10 hivi, laenea bila taabu katika ML7, inayopokea duara la hadi inchi 7. Kikundi cha wastaafu wawili watatu, pamoja na wanafunzi wa Chuo cha Ufundi cha Elgon hapo Mbale, kingeweza kuianza kazi hiyo bila kungoja msaada wa mtu. Ingechukua miaka. Kule Uingereza huchukua miaka vilevile, na hakuna anayelalamika.

Atakayelipata kerezo lake asilinyanyue kwa kushika mhimili au skrubu ndefu. Avue mkia, taya na mota kwanza, kisha kitanda kibebwe na watu watatu. Alilaze sawa juu ya meza nzito, kwani kitanda kilichofungwa juu ya meza iliyopinda nacho hupinda. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, glavu zivuliwe, miwani ivaliwe, na ufunguo wa taya usiachwe mahali pake hata kwa kufumba na kufumbua, kwa kuwa mota ikiwashwa huruka kama risasi. Juu ya kichwa cha ML7 kuna vikombe viwili vya mafuta vinavyodondosha tone kwa tone juu ya ile metali nyeupe. Vijazwe mafuta mepesi ya mashine, si grisi, na vifunguliwe kabla ya mota kuwashwa. Tone lisipoonekana, zima.